Jina la Tovuti Lisajiliwe kwa Nani? Mwongozo wa Kukodi Seva ya Kwanza

Chama cha mtaa wetu kilikuwa na tovuti kwa miaka minane. Humo mlikuwa na matangazo ya mazishi na ya harusi, hesabu za michango, na picha za wazee ambao wengi wao hatunao tena. Kijana aliyetutengenezea alikuwa hodari, na hakututoza hata senti. Kisha akapata kazi Ghuba, akabadilisha namba ya simu, na baada ya mwaka na kitu tukafungua tovuti yetu tukakuta matangazo ya kamari.

Hakutuibia. Jina la tovuti alilisajili kwa jina lake na kwa baruapepe yake, nasi hatukuuliza. Ukumbusho wa kulipia mwaka mpya ulikwenda kwenye baruapepe isiyofunguliwa tena, muda ukaisha, mtu mwingine akalichukua jina. Picha zilikuwa kwenye seva aliyoilipia kwa kadi yake. Kadi ilipokataa, zikafutwa. Katibu nilikuwa mimi, kwa hivyo lawama ilikuwa yangu. Mimi si fundi, nimefanya ukarani wa bandarini miaka yangu yote, lakini nilikaa chini nikajifunza kuijenga upya. Haya ninayoyaandika ndiyo ambayo ningependa mtu angenieleza siku ile ya kwanza.

Jambo la kwanza ni kuwa tovuti ni vitu viwili. Kuna jina, ambalo mafundi huliita domeini, na kuna seva, yaani kompyuta isiyozimwa ambamo faili zako hukaa. Sisi wa Mombasa twaijua nyumba bila ardhi: kuta zako, ardhi ya mwenyewe, nawe walipa kodi ya ardhi. Domeini ndiyo ardhi. Hainunuliwi ikawa yako milele. Hukodiwa kwa mwaka, na asiyelipa hutolewa. Seva ni nyumba tu. Ukikosana na mwenye seva, wahamisha faili zako jioni moja na wasomaji wasijue kitu. Ukipoteza jina, huna pa kuwaelekeza watu.

Basi anza na jina. Majina yote yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, na wananchi huyapata kupitia mawakala walioidhinishwa. Kuna co.ke kwa biashara, or.ke kwa vyama visivyotafuta faida, sc.ke kwa shule, ac.ke kwa vyuo na me.ke kwa mtu binafsi. Bei hutofautiana kwa wakala na wakala, na ujihadhari na ile ya mwaka wa kwanza iliyo rahisi mno: uliza ya mwaka wa pili kabla hujatoa pesa. Sisi tulichukua or.ke kwa wakala anayepokea M-Pesa, ili mweka hazina yeyote aweze kulipa bila kutafuta kadi ya mtu.

Wakati wa kujaza fomu, pale penye mwenye jina andika jina la chama, si la fundi wala la mwenyekiti. Baruapepe iwe ya chama, na viongozi wasiopungua wawili wawe na njia ya kuifungua. Kuna mtego hapa ambao nusura uninase: usitumie baruapepe iliyo kwenye domeini hiyohiyo. Jina likikatika, baruapepe hukatika nalo, na ukumbusho wa kukuokoa utatumwa mahali ambapo hapapo tena. Tumia ya Gmail au mfano wake. Washa uthibitisho wa hatua mbili, washa na malipo ya kujirudia kama wakala anayo, na ukiweza lipia miaka miwili pamoja.

Sasa seva. Ukitaka ukurasa mmoja wa matangazo na namba za simu, huhitaji seva yako mwenyewe. Kodi nafasi ya kawaida ya tovuti kwa wakala uyo huyo, ulale usingizi. Seva binafsi pepe, ambayo watu huifupisha VPS, ni kompyuta kubwa moja iliyogawanywa vyumba kwa programu, na kila mpangaji ana ufunguo wake na mlango wake. Uhuru ni mwingi, na kazi ya ulinzi ni yako. Sisi tuliichukua kwa sababu tulikuwa na picha na rekodi za sauti nyingi, na kwa sababu tulikwisha kuumwa na nyoka.

Chumba kidogo kabisa, chenye RAM ya gigabaiti 1, chatosha tovuti ya mtaa. Bei yake kwa watoaji wengi huzunguka dola 4 hadi 6 kwa mwezi. Wengi wanataka kadi, na anayetumia M-Pesa aweza kulipa kwa kadi pepe ya GlobalPay. Usihangaike sana na umbali: nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika hapa Mombasa mwaka 2009, na seva iliyoko Ulaya hujibu kabla hujapepesa macho mara ya pili.

Mtoaji atakuuliza mfumo gani. Chagua Ubuntu toleo la LTS, mathalani 24.04, ambalo hupewa marekebisho ya usalama kwa miaka 5. Jina lenyewe ni la Kizulu na Kixhosa, ndugu wa neno letu utu, na muasisi wake Mark Shuttleworth ni mtu wa Afrika Kusini. Kabla ya kubonyeza nunua, tengeneza funguo kwenye kompyuta yako, kwenye dirisha la amri:

ssh-keygen -t ed25519

Hapo hupatikana funguo mbili. Wa wazi, unaoishia na .pub, ubandike kwenye ukurasa wa mtoaji. Wa siri usimpe mtu, hata fundi. Seva ikishawaka utapewa anwani yake ya namba. Ingia, sasisha programu, kisha tengeneza mtumiaji wako, maana kufanya kila kitu kama root ni sawa na kutembea na funguo zote za nyumba mfukoni:

ssh root@203.0.113.10
apt update && apt upgrade
adduser katibu
usermod -aG sudo katibu
rsync --archive --chown=katibu:katibu ~/.ssh /home/katibu

Anwani hiyo ni ya mfano; weka yako. Usifunge dirisha hilo. Fungua la pili, ujaribu kuingia kama katibu, na uhakikishe mlango wafunguka.

Kisha ukuta wa moto, na mpangilio wa amri hizi mbili usiugeuze:

sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw enable

Mimi niliugeuza. Nikawasha ukuta kwanza, nikatoka kwenda kunywa chai, niliporudi sikuweza kuingia tena. Nilikuwa kama mtu aliyeacha ufunguo ndani akauvuta mlango. Nilitafuta nusu siku hadi nikagundua kuwa kwenye ukurasa wa mtoaji kuna kitufe cha konsoli, kinachokuingiza kwa njia ya nyuma. Kitafute chako kabla hujakihitaji.

Zima pia kuingia kwa nenosiri. Watu wasiokujua huanza kubahatisha nenosiri lako siku hiyohiyo. Asubuhi ya pili nilifungua faili la /var/log/auth.log nikakuta majaribio mamia, na tovuti yetu haikuwa na hata ukurasa mmoja. Katika /etc/ssh/sshd_config andika PasswordAuthentication no, uanzishe upya huduma, kisha uiulize seva yenyewe:

sudo systemctl restart ssh
sudo sshd -T | grep passwordauthentication

Jibu liwe no. Likiwa yes, kuna faili jingine ndani ya folda ya sshd_config.d linalolishinda lako, lisahihishe hilo.

Kilichobaki ni chepesi. Weka Nginx, programu ya kuhudumia kurasa, na uifungulie mlango:

sudo apt install nginx
sudo ufw allow 'Nginx Full'

Faili zako ziweke /var/www/html. Rudi kwa wakala wa jina, sehemu ya DNS, uongeze rekodi ya aina ya A yenye anwani ya seva, na nyingine ya www. Huenda ikachukua dakika chache, huenda saa kadhaa, kwa hivyo usianze kubadilisha mambo kwa wasiwasi. Jina likishaelekea kwenye seva, andika jina hilo penye server_name katika faili la tovuti la Nginx, kisha uchukue cheti cha Let's Encrypt, kisicho na malipo:

sudo apt install certbot python3-certbot-nginx
sudo certbot --nginx -d mtaawetu.or.ke

Cheti hudumu siku 90, nayo Certbot hukihuisha yenyewe. Ukikiomba kabla jina halijaelekea kwenye seva, kitakataliwa.

Nakala za akiba za mtoaji ni nzuri, lakini akaunti ikifungwa huondoka nazo. Kila Jumapili mimi huteremsha folda nzima kwenye kompyuta ya nyumbani, na mara moja kwa mwezi kwenye diski iliyo kwa mweka hazina. Orodha ya wanachama yenye namba za vitambulisho hatukuipandisha kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humbebesha dhima anayekusanya habari za watu, na chama kidogo hakina haja ya mzigo huo mtandaoni.

Picha za zamani tumepata takriban theluthi moja, kutoka simu za watu na albamu za nyumbani. Jina letu la kwanza hatukulipata tena; hili ni jipya. Tarehe ya kulilipia imeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari la kumbukumbu, chini ya namba ya akaunti ya benki, na husomwa kila mkutano mkuu pamoja na hesabu.