Mama Zetu na Mpaka: Historia Fupi ya Akina Mama wa Soko, Busia na Malaba



Kamati ya Yubilei ilipotuomba tuandike historia fupi ya kwaya, tulianza kwa kuuliza wazee wetu. Majina ya walimu wa kwaya na makatibu waliotangulia tuliyapata bila shida. Lakini kila tulipouliza ni nani aliyenunua kitambaa cha sare ya kwanza, au ngoma zililipiwa na nani, jibu lilikuwa lile lile: akina mama wa soko. Basi tukaenda kukaa nao, wa Busia na wa Malaba, nyumbani na vibandani, tukawasikiliza. Tunawaletea hapa tuliyoyasikia, pamoja na yale yanayojulikana kuhusu mpaka wetu. Majina ya akina mama hatutayataja, kwa maana wengi walituomba tusiyataje. Sababu yake mtaiona.

Mpaka uliowakuta watu

Hadi mwaka 1902 sehemu hii yetu ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda, wakauweka chini ya utawala uliokuja kuitwa Kenya. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, nao walitaka iwe chini ya serikali moja. Hapo mstari ukapita katikati ya watu. Wasamia wakabaki huku na huko. Wateso wa Malaba na Amagoro wakatenganishwa na ndugu zao wa Tororo. Mama aliyeolewa kilomita chache kutoka kwao akawa ameolewa nchi nyingine.

Kwa miaka mingi mstari huo haukuwa mzito. Tangu 1917 Kenya na Uganda zilikuwa na forodha moja. Reli nyingine ilipitia Malaba na Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931, na miji yetu ikakua. Akina mama walivuka na omena, wimbi, muhogo na karanga, wakarudi na ndizi na maharagwe. Wengine walivuka kwenda matangani au kumwona mzazi mgonjwa, na mzigo wa kuuza ukiwa kichwani hapo hapo. Hata neno boda boda, ambalo leo linatumika Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa hapa Busia miaka ya sitini, baiskeli zilipokuwa zikibeba watu na mizigo yao kati ya forodha ya huku na ya kule.

Miaka ya sabini

Mambo yalibadilika baada ya Januari 1971, Idi Amin alipotwaa serikali. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia waliokuwa na maduka na viwanda vingi, na baada ya muda sukari, chumvi na sabuni vikawa vitu vya kutafutwa kwa tochi upande wa pili. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Njia ile ile aliyoipita mama na mamake kabla yake, sasa kuipita na mche wa sabuni kukaitwa magendo.

Wako waliotajirika sana wakati huo. Baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ikapanda duniani, na kahawa ya Uganda ikamiminika Kenya. Soko la Chepkube, huko kaskazini yetu karibu na Mlima Elgon, bado linakumbukwa kwa biashara hiyo. Lakini faida kubwa ilikwenda kwa wenye malori na wenye wakubwa wa kuwalinda. Akina mama tuliozungumza nao walibeba kile ambacho kichwa kinaweza kubeba. Walitueleza jinsi walivyopita njia za panya usiku, jinsi walivyovuka mto Sio au mto Malaba huku mtoto akiwa mgongoni na leso ikiwa imefungwa kwa nguvu, na jinsi walivyofika nyumbani mikono mitupu baada ya kunyang'anywa kila kitu. Wengine walidaiwa kitu kisichokuwa pesa. Hilo walilisema kwa sauti ya chini, na ndiyo maana wengi wao hawakutaka majina yao yachapishwe.

Je, tuliandike?

Katika kamati tulijadiliana sana kama habari hii inafaa kitabu cha kanisa. Wengine walisema magendo ni magendo, nasi tusiyasifu mbele ya watoto. Hoja hiyo ina uzito. Sheria ni sheria, na kodi ndiyo inayojenga barabara na hospitali. Wapo pia waliovusha vitu vya kuua watu, na hao hatuwatetei.

Lakini tulijiuliza jambo moja. Shilingi za yule mama aliyevuka na sabuni tulizipokea kwenye sadaka. Tulizishona zikawa sare. Tuliimba tukiwa tumezivaa, Pasaka na Krismasi. Ikiwa pesa yake ilikuwa safi kiasi cha kuingia kanisani, habari yake itakuwaje chafu hata isiweze kuingia? Biblia yenyewe haikuona haya kumtaja Lidia, muuza nguo za zambarau, aliyewakaribisha Paulo na wenzake nyumbani kwake kule Filipi. Alikuwa mfanyabiashara, tena mgeni kutoka mji mwingine.

Isitoshe, nyaraka zinakumbuka watu wachache. Mwaka 1974 Dkt. Julia Ojiambo alichaguliwa kuwa mbunge kutoka kwetu Busia, akawa mwanamke wa kwanza Kenya kuwa waziri msaidizi, na jina lake liko vitabuni. Tunajivunia. Lakini miaka hiyo hiyo mamia ya wanawake waliokuwa sokoni walisomesha watoto ambao leo ni walimu, wauguzi na mapadre, na hakuna daftari lililowaandika. Daftari la forodha liliandika malori. Mzigo wa kichwani ulipoandikwa, uliandikwa siku uliponaswa.

Mpaka unafunguliwa, unafungwa

Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na umoja wa forodha ukaanza 2005. Leo mfanyabiashara mdogo anaweza kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ikiwa mazao hayo yametoka nchi za Jumuiya. Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja hapa Busia, ambapo msafiri anahudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja.

Akina mama wanashukuru. Hata hivyo walitukumbusha kwamba cheti hakimfai asiyejua kuwa kipo, na kwamba kuna wanaoendelea kupita njia za panya kwa sababu ya woga waliorithi kwa mama zao.

Kisha ikaja korona. Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka yake kwa watu, malori ya mizigo yakaendelea kupita. Foleni ya malori Malaba ilionekana kwenye televisheni kila siku. Mama mwenye gorogoro mbili za omena hakuonekana. Mtaji wake aliula na watoto wake, na mpaka ulipofunguliwa alianza upya kwa mkopo wa chama.

Walichotuachia

Chama ndicho kilichoibeba kwaya hii. Akina mama walipokutana kuchangiana, kila mmoja akipokea kwa zamu, waliweka pembeni kidogo kwa ajili ya kwaya kabla ya kugawana. Mazoezi yetu ya Jumamosi huanza jioni kwa sababu yao: waanzilishi waliwangoja watoke sokoni. Na tukiimba kwa Kiswahili, Kisamia na Kiteso katika Misa moja, tunaimba lugha ambazo wao walizitumia kuuza na kununua kabla sisi hatujazijua.

Baadhi ya mama tuliopanga kuwasikiliza walituaga kabla hatujawafikia. Waliondoka na habari zao. Kwa hiyo tunawaomba vijana wa kwaya: kabla mwaka huu haujaisha, kila mmoja akae na mama au nyanya mmoja, amuulize alibeba nini, alipita wapi, alilipa karo ya nani. Liko daftari kwa katibu wa kwaya. Asiyetaka jina lake liandikwe, tutaandika habari bila jina.

Kwenu mama zetu mlio hai, asanteni. Mlio mbele za Bwana, mpumzike kwa amani. Yubilei hii ni yenu pia.