Mshipa, Ukano na Neva

Mtoto aliyekulia katika nyumba ya kuchinja kuku huujua mchezo mmoja asiofundishwa na mtu. Huokota mguu uliotupwa, akatafuta uzi mweupe unaochomoza penye kikato upande wa nyuma, akauvuta; na mara vidole hukunjika kana kwamba kuku yungali hai. Akiuachia, vidole hulegea. Akiwa mdadisi zaidi, hutafuta uzi wa mbele akauvuta huo nao, na vidole vilivyokunjika hunyoka. Katika mguu huo wa kutupwa mna nusu ya yale ambayo mwalimu wa biolojia hufundisha katika sura ya tegemeo na mwendo: mfupa hausogei wenyewe bali huvutwa, na kinachovuta hakiwezi kusukuma, ndiyo maana kila mvutaji ana mwenzake wa kumpinga. Uzi ule jina lake la Kiswahili ni ukano, na wingi wake ni kano. Lakini mwulize mtoto yule ameshika nini, na aghalabu atakujibu kwamba ameshika mshipa.

Nakumbuka siku moja ya kidato cha tatu. Mwalimu wetu alikuwa amemaliza kueleza uratibu wa mwili kwa Kiingereza, kama ilivyoamriwa, na akauliza neva ni kitu gani. Kimya kikatanda. Mwenzetu mmoja, ambaye katika hesabu hakuwa na mshindani, akasimama akasema kwa Kiswahili, "Ni mshipa." Darasa likacheka. Mwalimu akamsimamisha hata kengele ikalia, kwa makosa mawili: kosa la lugha na kosa la elimu. Kosa la lugha sina haja nalo hapa, maana sheria ilikuwa sheria. Ni lile la pili ambalo nimelifikiri kwa miaka mingi, na makala haya ni utetezi wa yule mwenzetu, ingawa umechelewa.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Mshipa katika Kiswahili ni njia ya damu. Ni huo unaotuna katika paji la uso la mtu mwenye hasira, na huo unaopiga katika kifundo cha mkono. Lakini mshipa pia ni maradhi ya chini ya kitovu, ambayo wazee huyataja kwa sauti ndogo. Mtu akishikwa na kiuno husema mshipa umemkaza, na hapo hamaanishi damu. Tena tuna mshipa wa fahamu, ambao ndio neva. Kwa hiyo kila kilicho kirefu, chembamba na kigumu kidogo ndani ya nyama kimeweza kuitwa kwa jina hilo moja. Msomaji mwepesi wa kuhukumu atasema kwamba huu ni umaskini wa lugha. Na aufungue mlango wa historia kabla hajatoa hukumu.

Wayunani, ambao elimu ya mwili huhesabiwa kuwa imeanzia kwao, walikuwa na neno neuron. Maana yake ya zamani haikuwa neva hata kidogo. Ilikuwa ukano, na kwa kuwa nyuta zilitiwa kano za wanyama, ilikuwa pia upote, yaani ugwe wa uta. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Masihi, aliandika juu ya vitu hivyo akasema kwamba asili yake ni moyoni. Na mtu akiupasua moyo wa mbuzi ataona kwa nini, maana ndani yake mna nyuzi nyeupe ngumu zinazofanana kabisa na kano. Ubongo yeye aliuona kuwa ni kiungo cha kupoza damu tu. Huyu hakuwa mtoto wa kidato cha tatu, wala hakuna aliyemsimamisha hata kengele ikalia.

Karibu mwaka 300 kabla ya Masihi, katika mji wa Alexandria huko Misri, tabibu Herophilos alipasua maiti za watu akaona kwamba baadhi ya nyuzi hizo hutoka katika ubongo na katika uti wa mgongo, na kwamba hizo ndizo zinazoleta hisi na kupeleka mwendo. Hapo ndipo neva ilipotengwa na ukano kwa mara ya kwanza. Lakini taarifa zilizotufikia zaonyesha kwamba Herophilos aliendelea kuviita vyote kwa jina lilelile, neuron: vinavyotoka ubongoni, na vinavyofunga mfupa kwa mfupa. Jicho lilitenga, ulimi haukutenga. Hili naliona kubwa kuliko ugunduzi wenyewe kwa mtu anayefundisha kwa lugha yoyote.

Galen, ambaye vitabu vya tiba vya Kiarabu humwita Jalinus, alikuwa tabibu wa wapiganaji wa uwanjani huko Pergamon tangu mwaka 157, na alipata nafasi ya kutazama ndani ya viungo vilivyofunuliwa kwa panga. Baadaye huko Roma alifanya onyesho ambalo limetajwa mpaka leo: alimfunga nguruwe hai anayelia, akakata neva nyembamba ziendazo kooni, nguruwe akaendelea kufurukuta lakini sauti ikatoweka. Koo lilikuwa zima, na kilichokosekana ni amri tu. Hata hivyo, mtu huyuhuyu alifundisha kwamba ukano hufanyika kwa nyuzi za neva zilizochanganyika na nyuzi za kufungia viungo. Kuchanganyika kwa kale kulikuwa bado kumejificha katika kichwa chake. Kwa Kiarabu napo asabu ilikuwa kano kabla ya kuwa neva. Na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ilimpasa katika kitabu chake cha Qanun aeleze mbalimbali neva, kano, vifungo vya mifupa na misuli, kila kimoja kwa jina lake.

Galen alituachia kosa jingine, nalo ndilo linalofanana sana na jibu la mwenzetu. Alidhani kwamba ndani ya neva hupita pumzi au roho nyepesi itokayo ubongoni, kama damu inavyopita katika njia zake. Dhana hiyo ilidumu zaidi ya miaka 1,400. Waliofuata walisema kwamba roho hiyo huingia katika musuli ikaujaza, na musuli ukituna ndipo mkono unapokunjika. Aliyeujaribu usemi huo ni Mholanzi Jan Swammerdam, katika karne ya 17. Alitia musuli wa chura katika chupa ya kioo yenye shingo nyembamba, akaweka tone la maji katika shingo, kisha akaifinya neva. Musuli ukajikunja. Kama kweli ungejazwa kitu, tone lingepanda, wala halikupanda. Kwa chura mmoja na tone moja la maji, roho ya Galen ilikosa pa kukaa, ingawa Swammerdam alifariki mwaka 1680 na maandiko yake hayakuchapishwa ila mwaka 1737 na 1738.

Baada ya hapo chura hakupumzika. Luigi Galvani wa Bologna alitangaza mwaka 1791 kwamba miguu ya chura aliyekufa hurusharusha ikiguswa na umeme. Na Alessandro Volta, katika kubishana naye, akatengeneza betri mwaka 1800. Hermann von Helmholtz alipima mwaka 1850 mwendo wa habari katika neva ya chura, akapata kati ya mita 25 na 40 kwa sekunde, jambo ambalo mwalimu wake Johannes Müller alikuwa amelidhani haliwezi kupimika.

Sasa turudi kwa neno neva ambalo mwenzetu alishindwa kulisema. Kiswahili kimelipata kutoka Kiingereza, na Kiingereza kutoka Kilatini, nervus; na nervus maana yake ni ukano, na pia ugwe wa uta. Anayesema neva badala ya mshipa amelihama jina moja lenye mchanganyiko akahamia jingine lenye mchanganyiko uleule, ila huu hauoni kwa sababu umefichwa na bahari na karne. Musuli nao ni wa Kilatini, na tafsiri yake ni panya mdogo; mtu wa pwani akilitamka kwa haraka husikika akitaja nguo ya kujifunga kiunoni. Silitukani neno lolote. Nasema tu kwamba istilahi haikumfundisha mtu yeyote kutenga vitu hivi. Ni kisu na jicho vilivyotenga.

Kwa Tanzania jambo hili si la vitabuni tu. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na mtoto akiingia sekondari hukutana na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari tangu mwaka 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba maneno hayapo. Lakini mimi si katika wale wanaodhani kwamba kamusi ikifunguliwa darasani mambo yamekwisha. Mwanafunzi akipewa neva bila kuoneshwa, atailia yamini tu, kwa Kiswahili kama alivyoilia kwa Kiingereza.

Na kuna jambo ambalo mwalimu wetu hakulitaja siku ile. Mwaka 1902 William Bayliss na Ernest Starling, huko London, walikata neva zote za kipande cha utumbo wa mbwa, kisha wakatia asidi ndani yake. Kongosho likamwaga maji yake vilevile. Amri ilikuwa imepita katika damu. Mwaka 1905 Starling akaziita amri za namna hiyo homoni. Kwa hiyo sehemu ya uratibu wa mwili kweli husafiri kwa mshipa, mshipa hasa, ule wa damu. Jibu la mwenzetu lilistahili kuulizwa swali la pili: mshipa upi?

Wanafunzi wangu wanaojiandaa kuwa walimu huwaomba walete miguu ya kuku kutoka sokoni. Mwaka uliopita mmoja aliuvuta ukano wa nyuma, vidole vikakunjika, na darasa likacheka kwa furaha ya utotoni. Nikauliza ni nani aliyekuwa akiuvuta kuku alipokuwa hai. Wakajibu kwamba ni musuli uliobaki pajani na katika muundi. Binti mmoja wa nyuma, akiugeuzageuza mguu wake mkononi, akauliza: "Na huo musuli, mwalimu, uliambiwaje?" Tukaanza kutafuta chura.