Mshona Viatu Aliyeshusha Bei ya Vitabu

Kila tunapokutana sisi wanafunzi wa zamani, hapakosi mzee wa kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kusoma. Kwa maoni yangu lawama hiyo ni nusu ya maneno. Kabla hatujauliza kama kijana anapenda vitabu, yafaa tuulize kama kitabu kinamfikia kwa bei anayoiweza. Swali hili si geni. Mtu mmoja aliyelijibu kwa vitendo alikuwa mshona viatu wa Kiingereza, jina lake James Lackington. Habari zake nilizisoma nilipokuwa Chuo Kikuu nikichukua somo la historia, nami nazieleza hapa kwa kuwa naamini zina faida kwa shule yetu.

Lackington alizaliwa mwaka 1746 katika mji mdogo wa Wellington, jimbo la Somerset. Baba yake alikuwa mshona viatu, tena mlevi. Mama alishindwa kulipa ada, kijana akaacha shule mapema, na kusoma hasa alijifunza baadaye akiwa mwanagenzi wa kazi ya viatu. Mwaka 1773 alihamia London. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka huo yeye na mkewe walikuwa na nusu krauni tu, yaani shilingi mbili u nusu za Kiingereza. Alitoka kwenda kununua chakula cha sikukuu, akarudi na kitabu cha mashairi. Alimweleza mkewe kwamba chakula kingekwisha siku ile ile, lakini kitabu wangekifaidi maisha yao yote. Kama mke aliridhika au hakuridhika, wenye ndoa wataamua wenyewe!

Mwaka uliofuata, 1774, yalitokea mambo mawili, moja kubwa na moja dogo. Kubwa ni kwamba Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu ya rufani ya Uingereza, liliamua kuwa haki ya kuchapa kitabu si ya milele, bali hukoma baada ya miaka iliyowekwa na sheria. Kabla ya hapo wauza vitabu wakubwa wa London waliyashika maandishi ya watu waliokufa zamani, kama Shakespeare na Milton, mithili ya shamba la urithi. Baada ya hukumu hiyo mtu yeyote aliweza kuyachapa, na bei zikaanza kulegea. Jambo dogo ni kwamba Lackington alifungua kiduka, akaweka viatu pamoja na vitabu vikuukuu vya thamani ya kama pauni 5. Alikopa pauni 5 nyingine bila riba kutoka mfuko wa Wamethodisti wenzake, na katika miezi sita akiba yake ya vitabu ikafikia pauni 25. Haukupita muda mrefu, viatu akaviacha kabisa.

Siri yake ilikuwa nini? Kwanza, mwaka 1780 alikata shauri kutouza tena kwa mkopo, hata kwa wakubwa. Desturi ya wakati huo ilikuwa mnunuzi kuchukua kitabu leo na kulipa baada ya miezi mingi, na wengine wasilipe kamwe. Lackington alitambua kwamba hasara ya wadaiwa sugu hubebwa na mnunuzi mwaminifu, maana muuzaji huiongeza katika bei. Sisi tunaofanya kazi serikalini na kuyaona madeni yasiyolipika katika madaftari tunalielewa jambo hili vizuri.

Pili, aliandika katika kila kitabu bei yake ya chini kabisa, na bei hiyo ikawa moja kwa tajiri na kwa maskini. Hapakuwa na kupatana.

Tatu, na hili ndilo lililowaudhi wenzake, alikataa kuharibu vitabu. Wauza vitabu waliponunua mnadani nakala zilizododa, walikuwa na mtindo wa kuteketeza nusu au hata robo tatu yake, ili zilizobaki ziuzwe kwa bei kamili. Lackington naye alifanya hivyo mwanzoni, kisha akaona ni upuuzi. Akaanza kuziuza zote, kwa nusu ya bei au hata robo. Faida kwa kila kitabu ilikuwa ndogo, lakini vitabu vilikuwa maelfu. Haba na haba hujaza kibaba.

Katika miaka ya 1790 alihamia jumba kubwa lenye kuba katika uwanja wa Finsbury. Wateja walipanda ngazi kutoka ghorofa hadi ghorofa, na kadiri walivyopanda ndivyo vitabu vilivyozidi kuchakaa na bei kushuka. Asiye na kitu alijua pa kwenda: juu kabisa. Lackington alistaafu mwaka 1798 na kufariki mwaka 1815. Jumba liliungua mwaka 1841.

Tusimfanye mtakatifu. Habari nyingi tunazipata katika kitabu alichojiandikia mwenyewe mwaka 1791, na mtu akijisifu hapunguzi. Tena alitajirika sana, hata akanunua gari la farasi. Lakini hapo ndipo penye funzo. Vitabu havikushuka bei kwa sadaka, bali kwa utaratibu.

Ndugu zangu, majumbani mwetu vimo vitabu vinavyoliwa na mchwa, na hapa shuleni wamo vijana wa kidato cha kwanza wasio na hata kimoja cha kwao. Napendekeza kila mwaka, siku ya mkutano wetu, iwekwe meza moja. Kila mmoja wetu alete vitabu viwili, na wanaomaliza kidato cha nne walete vyao. Bei ndogo iandikwe ndani ya jalada, fedha iwe taslimu, na ambacho hakikununuliwa kisitupwe, bali kishushwe bei mpaka kipate mwenyewe. Mapato yanunue vingine. Mwanafunzi aliyenunua kitabu kwa senti zake, tena alichokichagua mwenyewe, hakiachi kikaliwa na mchwa.