Mwandishi wa Maelezo ya Kitaalamu na Lugha ya Msomaji

Kazi ya kuandika maelezo ya kitaalamu hudhaniwa kuwa ilizaliwa pamoja na mashine. Dhana hiyo haitoshi. Mnamo mwaka 1391, mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer alimwandikia mtoto Lewis, mwenye umri wa miaka 10, maelezo ya kutumia astrolabu, yaani chombo cha kupimia jua na nyota. Aliyaandika kwa Kiingereza kwa sababu Kilatini cha mtoto huyo kilikuwa kidogo. Basi msingi wa kazi hii ni kumjua msomaji na lugha yake.

Wenye kuishika kama taaluma walitokea baadaye. Nchini Marekani, Joseph Chapline aliandika mwongozo wa kompyuta ya BINAC mwaka 1949, na mwaka 1953 waandishi wa namna hiyo wakaanza kuunda vyama. Mwaka 1971 chama kilichotokana na muungano wa vyama hivyo kilibadili jina: neno "waandishi" likaachwa, "mawasiliano" likashika nafasi yake. Kazi ilikwisha kupita mipaka ya kalamu. Januari 2025 chama hicho kilifungwa kwa kufilisika.

Hata hivyo, kufa kwa chama si kufa kwa haja. Leo programu za kompyuta huweza kutunga maelezo, lakini mgonjwa Mswahili anayekabidhiwa dawa yenye maelezo ya Kiingereza asichokielewa yumo katika hali ileile ya Lewis. Naye bado anamngoja mwandishi wake.