Dawa ya Nagana na Pete za DNA

Mnamo mwaka 1952 watafiti wawili wa Uingereza, Watkins na Woolfe, walitoa habari za dawa mpya ya nagana, ule ugonjwa uletwao na mbung'o ambao huwakondesha ng'ombe wa Afrika hata wafe. Walichukua dawa iliyotangulia, dimidiamu, iliyoponya lakini ikadhuru ini la mnyama, wakabadili sehemu yake moja ndogo tu. Hiyo ndiyo etidiamu. Miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa ng'ombe ilitosha. Mfugaji hakuwa na haja ya kuuliza ilifanyaje kazi; ng'ombe aliyesimama tena alikuwa jibu tosha.

Jibu la wataalamu lilianzia pengine kabisa, katika hamira. Huko Ufaransa, mwaka 1949, Boris Ephrussi na wenzake walionyesha kwamba hamira ikikuzwa penye rangi ya akriflavini huzaa kizazi dhaifu kisichoweza kutumia oksijeni, na kilema hicho hurithiwa daima. Kilichopotea hakikujulikana. Mwaka 1961 Lerman alieleza kwamba rangi za jamii hiyo hujipenyeza baina ya vidato vya ngazi ya DNA. Mwaka 1963 Margit na Sylvan Nass wakaona nyuzi za DNA ndani ya mitokondria, yaani vile vijisehemu ambamo seli hujipatia nguvu. Mwaka 1968 Slonimski akaitia hamira etidiamu, dawa ile ile ya ng'ombe, na karibu seli zote zikapata kilema.

DNA ya mitokondria kwa viumbe wengi ni pete isiyo na ncha. Dawa ikijipenyeza, ngazi hurefuka na msokoto wake hulegea. Na kwa kuwa hakuna ncha ya kuutolea msokoto huo, pete nzima hupindika. Kimeng'enya chenye kazi ya kuinakili hushindwa. DNA ya kiini husalimika zaidi, maana imezongwa kwenye protini, na tena etidiamu, kwa chaji yake chanya, huvutwa ndani ya mitokondria penye chaji hasi.

Maelezo hayo yanapendeza, pengine kupita kiasi. Mwaka 2010 maabara ya Paul Englund huko Baltimore ilikirudia kidudu chenyewe cha malale, ambacho mitokondria yake ina maelfu ya pete ndogo zilizoshikana kama mkufu. Kila pete hufunguliwa kwanza, ndipo inakiliwe. Etidiamu iliipinda pete iliyofunguliwa, na kunakili hakukuanza. Lakini vidudu visivyo na pete hizo navyo vilikufa, kwani dawa ilizuia hata DNA ya kiini isinakiliwe. Wakati huo huo, katika sehemu nyingi za Afrika, vidudu vya nagana vilikuwa vimekwisha kuizoea.