Deraya za kwenye simu na ngao za kweli: ipi inakinga, ipi inapamba?

Anayecheza gemu za vita kwenye simu anajua kwamba kuna mavazi yanayopunguza makali ya risasi au upanga, na kuna mavazi ya kumfanya mchezaji aonekane. Mara nyingi si yale yale. Shujaa wa kwenye gemu anaweza kuvaa mabega ya chuma mapana kama magurudumu ya baiskeli, kofia yenye pembe mbili na koti linalowaka moto, na bado asiwe na kinga kumzidi mwenzake aliyevaa fulana. Katika makala hii tunaeleza kwa nini wabunifu huchora hivyo, deraya za kweli zilikuwaje duniani na katika nchi zetu, na kwa nini jambo hili linamgusa hata mkazi wa Kiomboi ambaye hajawahi kushika gemu.

Deraya, au dirii kama wengine wanavyoiita, ni vazi la kumkinga askari mwilini. Wanaosoma Biblia wanaikumbuka ya Goliathi, ya shaba, yenye uzito wa shekeli 5,000, ambazo kwa makadirio ya kawaida ni zaidi ya kilo 50. Wanakumbuka pia kwamba kijana Daudi alivalishwa mavazi ya vita ya Sauli, akayavua kwa sababu hakuyazoea. Katika Qurani, Nabii Daudi ndiye aliyefundishwa kutengeneza deraya. Kwa hiyo swali ni la zamani sana: vazi linalokukinga lakini linakuzuia kusogea lina faida gani?

Wafua chuma wa Ulaya walilitafutia jibu kwa karne nyingi. Kufikia karne ya 15 deraya kamili ya vitani ilikuwa na uzito wa kilo 15 hadi 25 hivi. Ni kama ndoo ya lita 20 ya maji, ila haikai kichwani peke yake. Imegawanywa mabegani, kiunoni, mapajani na miguuni. Aliyeizoea aliweza kukimbia, kuanguka na kuinuka, na kupanda farasi bila kusaidiwa. Zile nzito zaidi, ambazo ndizo zilizozaa hadithi za askari wasioweza kuinuka, zilikuwa za mashindano ya kugongana kwa mikuki juu ya farasi, ambako mtu hakuhitaji kutembea.

Siri kubwa ya deraya nzuri haikuwa unene wa chuma peke yake. Ilikuwa umbo. Kifua kilibinuliwa kama kibuyu na kulainishwa, ili ncha ya mkuki ikigonga iteleze na kupita pembeni. Sasa mfikirie Filippo Negroli wa Milano, Italia, fundi maarufu wa karne ya 16. Alifua kofia za vita zenye mawimbi ya nywele, majani na nyuso za wanyama, zote kwa chuma. Ni kazi ya ajabu, na hadi leo majumba ya makumbusho yanajivunia kuwa nayo. Lakini kila nundu na kila bonde katika chuma ni mahali ambapo ncha inaweza kukwama badala ya kuteleza. Wakubwa walivaa deraya za namna hiyo kwenye maandamano na sherehe. Vitani walichukua zile laini.

Ukishaielewa kanuni hiyo, unaweza kukagua deraya yoyote ya kwenye gemu mwenyewe. Mabega yenye miiba mirefu? Yananasa upanga, na mwenye nayo hawezi kuinua mkono juu ya kichwa. Pembe kwenye kofia? Zinampa adui kishikio. Watu wengi huamini kwamba Waviking, mabaharia na wavamizi wa Ulaya ya kaskazini, walivaa kofia zenye pembe, lakini kofia yao iliyopatikana Gjermundbu nchini Norwe mwaka 1943 haina pembe hata moja. Aliyeeneza sana picha hiyo alikuwa Carl Emil Doepler, mbunifu wa mavazi ya jukwaani, katika maonyesho ya muziki ya Wagner huko Ujerumani mwaka 1876. Pembe zilitoka jukwaani zikaingia kwenye vitabu, kisha sinema, kisha simu yako.

Deraya za wanawake katika gemu ndizo zinazotuchekesha na kutuudhi zaidi. Mwanamume anafunikwa kuanzia utosini hadi kidoleni, mwanamke anaachwa tumbo wazi. Hata pale anapofunikwa kifua, chuma hufuliwa kwa umbo la matiti mawili yenye bonde katikati. Bonde hilo huuongoza mkuki moja kwa moja kwenye mfupa wa kifua, mahali ambapo fundi wa kweli angehangaika usiku kucha ili usifike.

Kuna deraya nyingine ambayo gemu huionyesha kwa nadra kwa sababu haing'ai: ya kitambaa. Ulaya na Afrika askari wengi walivaa nguo nene zilizoshonwa tabaka juu ya tabaka, kama godoro. Wapanda farasi wa Sudan na wa nchi za magharibi yake walitumia nguo zilizojazwa pamba au sufi, wao pamoja na farasi wao. Ilikuwa nafuu, ilitengenezeka nyumbani, na ilipunguza nguvu ya pigo.

Kwa majirani zetu Wamasai kinga ilikuwa ngao ya ngozi ya nyati. Ngozi ilikaushwa ikawa ngumu, ikashonwa kwenye fremu ya mti, na nyuma kukawekwa mshikio. Ni ndefu, imechongoka juu na chini, na imebinuka kidogo, kwa sababu ile ile ya mkuki kuteleza. Mbele ilipakwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Mgeni akiitazama ataona mapambo. Kumbe alama hizo zilieleza morani ni wa rika gani na wa sehemu gani, na nyingine hazikuruhusiwa ila kwa aliyethibitisha ujasiri wake. Katikati ya vumbi na kelele za vita, kumtambua mwenzako kabla hujamrushia mkuki ni kinga pia. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema kila nakshi ni upuuzi. Tuulize kwanza nakshi hiyo inafanya kazi gani.

Zilipokuja bunduki za Wajerumani, ambao hapa karibu walijenga boma lao Mkalama, ngozi ya nyati haikuweza kuzuia risasi. Ngao zilihamia polepole kwenye ngoma na sherehe, na kwenye nembo. Ngao ya Kimasai na mikuki miwili vimo katika bendera ya Kenya tangu 1963, na nembo yetu ya taifa, ile ya bibi na bwana, imejengwa juu ya ngao. Ulaya nako mambo yalikwenda hivyo hivyo: kadiri bunduki zilivyopata nguvu, ndivyo deraya ilivyozidi kuwa vazi la sherehe.

Tuwatendee haki wabunifu wa gemu, kwani nao wana sababu. Katika World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ya Kimarekani iliyotoka mwaka 2004, mchezaji humwona shujaa wake kwa nyuma na kutoka juu, akiwa mdogo. Mabega makubwa na rangi kali humfanya atambulike upesi kati ya watu arobaini wanaopigana. Kwenye skrini ya simu haja hiyo ni kubwa zaidi. Mwishoni mwa 2011 gemu hiyo iliruhusu mchezaji kubakiza nguvu za deraya moja na kuonekana amevaa nyingine. Tangu hapo kinga na pambo vikawa vitu viwili tofauti, waziwazi.

Sababu ya pili ni fedha. Free Fire, iliyotolewa na Garena mwaka 2017, inapendwa sana na vijana kwa kuwa inakubali kwenye simu za bei ndogo na kuipakua ni bure. Kofia na fulana ya kuzuia risasi mchezaji anaviokota ndani ya mchezo, bila kulipa. Kinachouzwa kwa almasi, ambazo hununuliwa kwa pesa halisi, ni pamoja na mavazi ya kifahari, na mavazi hayo hayazuii risasi. Hatusemi kijana asinunue akiwa na chake. Watu hununua pia kofia za sikukuu. Ila mzazi ajue kinachonunuliwa ni nini, na namba ya siri ya pesa za kwenye simu ibaki kwake.

Sasa tutoke kwenye skrini. Deraya inayovaliwa kila siku Iramba ni helmeti ya pikipiki. Takwimu ambazo Shirika la Afya Duniani limezitumia kwa miaka mingi zinaonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kanuni ni zile za fundi wa deraya. Gamba la nje liwe laini na la mviringo, ili kichwa kiteleze juu ya lami badala ya kunasa. Pembe za plastiki na miiba iliyogundishwa huweza kukwama na kuizungusha shingo. Ndani kuwe na povu gumu, kama lile linalofungiwa televisheni ndani ya boksi, kwa sababu hilo ndilo linalobonyea na kumeza pigo badala ya fuvu. Likishabonyea halirudi, kwa hiyo helmeti iliyopata ajali imemaliza kazi yake hata kama nje haina ufa. Helmeti isiyo na povu ni kofia tu.

Rangi nayo ina kazi, kama kwenye ngao ya morani. Utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004 uliona kwamba waliovaa helmeti nyeupe walikuwa na hatari ndogo ya kuumia kwa asilimia 24 kuliko wenye nyeusi, na waliovaa nguo za kuakisi mwanga kwa asilimia 37. Ukitaka kupamba, pamba kwa utepe wa kuakisi mwanga. Kuipaka helmeti rangi ya mafuta si vizuri, maana vimiminika vya rangi hudhoofisha baadhi ya plastiki. Kioo cheusi kinapendeza mchana, lakini usiku kwenye barabara ya Misigiri kinakuficha ng'ombe.

Dukani usiridhike na kuijaribu mbele ya kioo. Ivae, funga mkanda chini ya kidevu, inamisha kichwa, kisha mwambie muuzaji aisukume kwa nguvu kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikivuka kichwa ikatoka, omba ndogo zaidi.