Jeshi la Bakshishi
Ni jina walilopewa maelfu ya askari wastaafu wa Vita Kuu ya Kwanza waliomiminika Washington, mji mkuu wa Marekani, mwaka 1932, baadhi yao pamoja na ahali zao, kudai malipo ambayo sheria ya 1924 ilikwisha kuwakadiria, dola 1 kwa siku ya utumishi wa nyumbani na dola 1.25 kwa siku ya ng'ambo, ila hati zake zisingelipwa mpaka mwaka 1945. Na kwa mtu asiye na kazi wala akiba muda huo ni dahari. Kandokando ya mto Anacostia walijijengea vibanda vya mabati na mbao za makasha, weusi na weupe mtaa mmoja, jambo ambalo jeshi lenyewe halikuliruhusu vitani. Baraza la Wawakilishi liliridhia mswada wa kuwalipa tarehe 15 Juni. Seneti ikaukataa siku mbili baadaye. Tarehe 28 Julai, polisi walipokwisha kuwapiga risasi wastaafu wawili, Rais Hoover aliita jeshi, na Jenerali Douglas MacArthur, kwa wapanda farasi, vifaru na moshi wa kutoa machozi, akawafukuza watu waliowahi kuvaa sare ile ile, kambi ikateketea usiku. Malipo yaliidhinishwa 1936, Rais Roosevelt akipinga.